MILIONI NANE ZA KUAZIMA NA SAFARI YA MAMA



Ndugu zangu, Alhamisi iliyopita baada ya swala ya isha alinifuata kijana mmoja hapa msikitini kwetu Buhemba. Dada yake ameolewa Uingereza, na wanataka mama yao aende kuwatembelea. Akanitolea karatasi iliyokwisha kuchapwa, imebaki sahihi yangu na muhuri wa msikiti tu. Imeandikwa kwamba mama huyo ni mfanyabiashara wa nafaka, ana duka la jumla, na kwamba uongozi wa msikiti unamfahamu hivyo kwa miaka kumi. Mama huyo namfahamu kweli. Ana meza ya dagaa na nyanya, na akina mama wenzake wanamkopa mpaka mtaji unakatika. Nikamrudishia karatasi yake.

Akakasirika. Akaniambia: "Sheikh, kila Ijumaa unatuhubiria wema kwa wazazi. Leo nataka kumfurahisha mama yangu, unaninyima sahihi?" Akaondoka bila kunipa mkono.

Neno lile limenikaa kifuani. Miaka michache nyuma nililisema mimi mwenyewe kwa mtu mwingine, nami nikapewa nilichotaka. Kwa hiyo darsa la tafsiri nililowaahidi tutaliendeleza wiki ijayo inshaallah. Leo najisema mwenyewe. Najua Muislamu hatakiwi kuanika dhambi ambayo Allah amemsitiri, na jambo hili nimelipima sana. Nimemuomba mama ruhusa, na mdogo wangu pia. Mama amesema, "Andika, labda kuna mwenzio yuko njiani."

Mdogo wangu yuko Leicester. Kazi yake ni kutunza wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani usiku. Siku moja alinipigia simu saa nane za usiku kwetu, ametoka zamu, analia. Akasema, "Kaka, leo nimemkata kucha mama wa watu, nikakumbuka sijawahi kumkata mama yangu kucha hata siku moja." Mkewe alikuwa mjamzito wa mtoto wa tatu. Walitaka mama aende, amshike mjukuu, akae nao miezi miwili mitatu. Kuja wao wote ni tiketi tano. Kwenda mama ni tiketi moja.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa 2023. Kazi ya makaratasi ikawa yangu, kwa sababu mama anakaa nami.

Ndugu yangu msomaji, kama hujawahi kumtafutia pasipoti mzee aliyezaliwa kijijini, basi hujui. Mama hana cheti cha kuzaliwa. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA ni ya kukadiria. Tena amesilimu alipoolewa na marehemu baba, kwa hiyo kitambulisho kina jina lake la Kiislamu, lakini cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu kina jina alilopewa na bibi yake. Watu wawili, mama mmoja! Tukaenda Musoma mahakamani kuapa kiapo cha majina, tukaenda Uhamiaji, tukalipa 150,000 ya pasipoti, tukarudi, tukaitwa tena. Alama za vidole zikasumbua. Mama ameshika jembe tangu utoto, na enzi za njaa alikuwa akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo kule kwenye maduara. Vidole vyake vimekuwa laini kama kokoto ya mtoni, mashine haioni kitu. Yule binti wa mashine alimpaka mafuta, akamfuta, akambonyeza, mara sita au saba, mpaka ikakubali. Namuombea heri mpaka leo kwa subira ile.

Hadi hapo tulikuwa wakweli.

Kisha nikaanza kuuliza watu habari za viza. Kila niliyemuuliza alisema neno moja: benki. "Mzee, lazima mama awe na pesa benki. Bila pesa benki hawamtazami." Mama hakuwa na akaunti. Ana ekari mbili za mihogo na mtama, ng'ombe wanne, mbuzi, na kikundi chake cha akina mama cha kuwekeza na kukopa. Nikamfungulia akaunti. Nikamwendea rafiki yangu, mnunuzi wa dhahabu, nikamwambia nisaidie milioni nane zilale kwenye akaunti ya mama wiki mbili tu, nipate taarifa ya benki, kisha nakurudishia. Akasita. Akaniuliza, "Hii ni halali, sheikh?" Nami nikamjibu kwa lile neno: ni kwa ajili ya kumfurahisha mzazi. Akanipa. Nani atabishana na imamu?

Kwenye fomu, pale wanapouliza akiba ya muombaji, tukaandika milioni nane. Kijana wa steshenari anajaza, mimi namtajia, mama amekaa kwenye benchi nje anakula muwa. Sikumsomea hata swali moja. Mwisho wa fomu ile kuna tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli kwa kadiri muombaji anavyojua. Muombaji ni mama. Hapo ndipo panaponiuma zaidi ya pesa na zaidi ya safari. Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akizidisha hata bei ya kuku sokoni, nilimtolea ushahidi wa uongo kwa jina lake, yeye akiwa nje anatema makapi ya muwa.

Tukapanda basi mpaka Dar es Salaam, akatoa tena alama za vidole na picha katika kituo cha maombi ya viza, tukarudi. Ada wakati ule ilikuwa pauni 100, karibu laki tatu zetu, na hairudishwi upate usipate. Wiki ya nne pasipoti ikarudi na barua. Wamekataa. Sababu ilikuwa kwenye mistari michache: akaunti imefunguliwa karibuni, imeingia pesa nyingi kwa mkupuo mmoja, asili yake haikuelezwa, hailingani na kipato alichotaja, kwa hiyo hawaridhiki kwamba ni mgeni wa kweli atakayeondoka muda ukiisha. Na haina rufaa.

Nikataka kulalamika. Nikatafuta wa kumlaumu. Kila nikiisoma barua ile sikupata neno ambalo si kweli.

Mama akaniuliza, "Wamesema nini?" Nikamwambia wamesema pesa haieleweki. Akasema, "Pesa ipi?"

Ikabidi nimweleze. Hakunigombeza. Alikaa kimya mpaka magharibi, kisha akaniambia, "Sasa mimi nimesema nina milioni nane, na Mungu amenisikia?" Wallahi, ndugu zangu, mimi ni mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, nilitamani ardhi ipasuke.

Mtoto alizaliwa mwezi wa sita mwaka ule. Akika ilifanyika mama yuko huku.

Sasa nije kwenye hoja ya yule kijana, kwa sababu najua wengi mnayo vichwani. Kumfanyia mzazi wema ni jambo ambalo Allah amelitaja katika Suratul Israa mara tu baada ya kuamrisha aabudiwe yeye peke yake. Hakuna ubishi. Lakini katika hadithi sahihi ya Abu Bakra, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alipotaja madhambi makubwa kabisa alitaja shirki, na kuwaasi wazazi, akiwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akaacha kuegemea, akakaa sawasawa, akawa analikariri mpaka maswahaba wakatamani anyamaze. Yote mawili yamo katika hadithi moja. Sisi tunachukua moja kulivunjia lingine, kisha tunaita wema.

Wapo watakaosema, "Sheikh, hao Waingereza walitutawala, wakachukua dhahabu hapa hapa Buhemba, kuwadanganya kuna ubaya gani?" Dhahabu ya hapa ilichimbwa enzi za ukoloni, hilo ni kweli. Lakini msikilize Hudhaifa bin Yamani, radhi za Allah ziwe juu yake, katika Sahihi Muslim. Yeye na baba yake walikuwa njiani kwenda Madina, wakakamatwa na makafiri wa Kikureshi. Wakaachiwa kwa ahadi kwamba wataingia Madina tu, hawatapigana pamoja na Mtume. Siku zile ni za Badri. Waislamu ni mia tatu na kidogo, maadui karibu elfu, kila mkono unahitajika. Wakamweleza Mtume. Akawaambia waende zao, ahadi ile itatimizwa, na msaada utaombwa kwa Allah. Ahadi waliyopewa Makureshi wenye panga mkononi! Viza ni nini kama si ahadi? Wanachuoni wa fiqhi tangu zamani wameandika kwamba mwenye kuingia nchi ya wengine kwa amani waliyompa, haimfalii kuwafanyia hiana. Wakimpa miezi sita, ni miezi sita.

Basi 2025 tukajaribu tena. Safari hii nilianza kwa kusoma masharti yenyewe badala ya kuuliza vijiweni. Na hapa ndipo nilipojiona mjinga mara mbili. Kumbe masharti ya viza ya utembezi ya Uingereza yanaruhusu mtu mwingine amlipie mgeni tiketi na matunzo na malazi, ikiwa uhusiano wao ni wa kweli na mwenyeji yuko huko kihalali na ana uwezo. Mama hakuhitaji hata shilingi benki! Mwanawe ana mshahara, ana nyumba ya kupanga, ana karatasi zote. Ule uongo wangu haukuwa na kazi.

Nikamkalisha mama ndani ya steshenari, kwenye kiti, karibu na kioo cha kompyuta. Nikamtafsiria kila swali, naye anajibu. Kipato chake tukaandika kile cha mihogo na maziwa, kidogo hivyo hivyo. Pale wanapouliza kama umewahi kukataliwa viza tukaandika ndiyo, na katika barua ya maelezo nikaeleza kwa mkono wangu kwamba zile pesa za mwanzo zilikuwa za kuazima, mimi ndiye niliyeziweka, mama hakujua. Mkono ulitetemeka. Anayetumia udanganyifu katika maombi yale anaweza kufungiwa miaka kumi, nami nilikuwa nakiri kwa maandishi. Mdogo wangu alisema, "Kaka, tusiitaje kabisa." Mama akasema itajwe.

Tukaambatanisha barua ya mtendaji wa kijiji kuhusu shamba na nyumba, kile kiapo cha majina, cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu, picha za ng'ombe (mama alisisitiza, na wale wanne wote waonekane). Zilizo kwa Kiswahili zikatafsiriwa, na mtafsiri akaandika jina lake, sahihi, tarehe na mahali pa kumpata, maana bila hivyo tafsiri haihesabiwi. Ada ilikuwa imepanda, pauni 127, zaidi ya laki nne. Dar es Salaam tena, vidole tena.

Akapewa. Miezi sita.

Lakini tafadhali usinielewe vibaya. Sisemi kwamba ukisema kweli utapewa. Namjua mzee mmoja wa upande wa Bunda, karatasi zake safi, mtu wa swala tano, amekataliwa mara mbili na mpaka leo hajui kwa nini. Riziki ya safari ni kama riziki nyingine. Na yeyote anayekwambia atakuhakikishia viza kwa malipo yake, huyo anakuuzia kitu asichonacho.

Suala la mwanamke kusafiri bila mahram nitaliandikia siku yake, msinijazie maswali leo. Sisi mdogo wangu alichukua likizo akaja kumchukua mwenyewe, na nilikwenda kumpokea Dar aliporudi na familia ya jamaa zetu.

Alikaa siku themanini. Mtoto aliyetarajiwa kumpokea mikononi alimkuta ana miaka miwili, anakimbia, anasema Kiingereza, akamuona bibi mwenye mtandio mkubwa akajificha nyuma ya friji. Ilichukua wiki nzima mpaka akubali kukaa pajani. Mama anasimulia kisa hicho huku anacheka, nami huwa natoka nje. Ile miaka miwili niliila mimi.

Rafiki yangu wa dhahabu nilikwenda kumuomba radhi, kwa sababu nilimtia katika jambo lile kwa jina la dini. Alinisamehe, lakini tangu siku ile akiniuliza jambo la halali na haramu huwa ananiangalia usoni kwanza.

Sasa wewe kijana wa Alhamisi. Najua unanifuatilia hapa. Ile karatasi ichane. Njoo na mama yako, si wewe peke yako. Lete kitambulisho chake cha NIDA, cheti cha kuzaliwa cha dada yako, na karatasi za kazi na nyumba za dada yako na mumewe. Nitaandika barua ya msikiti kwamba namjua mama yako, kwamba anaishi Buhemba, ana meza ya dagaa na nyanya, ana wajukuu wengine hapa wanaomsubiri kila jioni, na nitapiga muhuri. Nipo kila siku kati ya alasiri na magharibi, isipokuwa Jumatano, nakuwa Musoma. Mwambie mama yangu naye ana hamu ya kumsimulia habari za baridi.