Kivuli cha Karura

Sisi watu wa pwani tumezoea maji yaliyotandaa. Maji yaangukayo kutoka juu hutushangaza. Baada ya swala ya Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, jijini Nairobi, tulifuatana na jamaa zetu wakaao Westlands hadi Msitu wa Karura. Njia ya kuteremkia kwenye maporomoko ni mawe na mizizi. Kina mama walikusanya mabuibui yao, wakashikana mikono na watoto hadi chini. Huko kelele za magari hazisikiki, tukamsabihi Mola.

Watoto tuliwaeleza kwamba msitu huu ulikwisha kuanza kugawiwa watu binafsi wajenge. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti humo, wakavamiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Hakurudi nyuma. Kivuli tulichokikalia ni tunda la subira yao.

Dini yetu yafundisha kuwa apandaye mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi enyi wazazi, mikoko ya huku kwetu nayo inakatwa. Tusingoje mgeni aje kututetea.