Kizibao cha umeme na baridi ya Timboroa

Je, msomaji, umewahi kutetemeka kwa baridi ukiwa juu ya ikweta? Sisi tuliofunzwa shuleni kwamba ikweta ni makao ya jua kali twaweza kudhani huo ni mzaha. Basi panda pikipiki mwezi wa Julai, ushike barabara kuu kutoka Nakuru kuelekea Eldoret, na ufike Timboroa jua likianza kushuka. Barabara huikata ikweta karibu na hapo, lakini kimo ni zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na ukungu wa misitu hukulowesha kana kwamba umemwagiwa maji ya kisima.

Mimi nilifunga safari hiyo Julai mwaka jana. Mama mzazi alikuwa ametoka hospitalini mjini Eldoret, nami nilikuwa nimemwahidi kwa simu kwamba kiza hakitanikuta njiani. Nilikuwa na pikipiki yangu ya sisi 150, na ndani ya koti nilikuwa nimevaa kitu ambacho majirani zangu pale Nairobi hawakuwa wamepata kukiona: kizibao cha umeme.

Kizibao hicho nililetewa na binamu yangu anayeishi Ujerumani. Ukikitazama kwa nje ni kizibao kama kingine, lakini ndani kimeshonewa nyaya laini zinazopata joto umeme ukipita, mfano wa zile za blanketi la umeme. Waya mmoja hutokeza kiunoni na kuunganishwa na betri ya pikipiki. Jambo lenyewe si geni. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wahudumu wa ndege za kivita waliopaa juu sana walivaa mavazi ya aina hiyo wasigande. Huko Ulaya na Marekani waendeshaji pikipiki wameyazoea kwa miaka mingi, na kuna hata glavu na soksi zake.

Nilipofika Limuru saa moja asubuhi, majani ya chai yakiwa yamefunikwa na ukungu, nilibonyeza swichi. Lo! Joto lilianza mgongoni, likazunguka hadi kifuani, mithili ya mtu aliyeota moto wa mkaa huku anaenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Niliwaonea huruma watu waliojikunyata vituoni wakingoja matatu. Kusema kweli nilijiona bwana mkubwa.

Hebu tuzungumzie huo mwendo kidogo. Kinachomtesa mwendeshaji hasa ni upepo. Hewa ikiwa nyuzi 10 za Selsiasi, upepo wa kilomita 80 kwa saa huufanya mwili uhisi kama ni nyuzi 4 hivi. Tena hewa hupoa kwa nyuzi 6 au zaidi kidogo kila upandapo mita 1,000, na kutoka Nakuru hadi Timboroa unapanda karibu mita 900. Ndiyo maana waendeshaji bodaboda huvaa makoti mazito nyuma mbele, vifungo vikiwa mgongoni. Mtu wa mjini huwacheka, lakini upepo hauna pa kupenyeza.

Naivasha na Gilgil nilizipita bila taabu. Nakuru nililazimika kukaa hadi alasiri kwa shughuli za kazi, na kutoka Salgaa nilipanda mlima nyuma ya malori yaliyojikongoja, gia ya pili, gia ya tatu, taa ikiwaka na kizibao kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. Mau Summit, pale njia ya Kericho inapochepuka, niliona honi imeanza kulia kinyonge. Sikujali.

Timboroa nilisimama kunywa chai. Vijana wa bodaboda walikuwa wamezunguka jiko la mkaa, na waya uliokuwa ukining'inia kiunoni mwangu haukuwapita machoni. Nilipowaeleza, hawakuamini. Mmoja akaomba kujaribu. Nikavua kizibao, akakivaa, akaketi juu ya pikipiki yangu, nikaunganisha waya. Baada ya dakika mbili alipiga ukelele kwa furaha, na hapo foleni ikaanza. Injini ilikuwa imezimwa.

Kando kulikuwa na mzee mmoja, mwendeshaji mwenzao, ambaye usukani wa pikipiki yake ulikuwa umevishwa mifuko miwili ya turubali ya kuingizia mikono. Alitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Kijana, hicho kitu kinakula umeme kiasi gani?"

"Kidogo tu, mzee," nikamjibu.

"Na betri yako je?"

Nilicheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilikuwa njiani kuvunjika.

Mzee alinisimulia, huku foleni ikisonga, kwa nini aliifunga ile mifuko. Alfajiri moja alikuwa amembeba abiria akiteremka kuelekea Burnt Forest. Kondoo wakaingia barabarani. Akili ilimwambia ashike breki, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi, havikukunjika upesi. Walianguka wote wawili. Abiria alivunjika mkono. "Kifua kikipata baridi utatetemeka tu," akasema. "Vidole vikipata baridi utamuua mtu."

Nilipotaka kuondoka, nilibonyeza stata. Tik. Nikabonyeza tena. Tik. Jua lilikuwa limeshafika kwenye vilele vya miti, na mama alikuwa akiningoja.

Msomaji, hesabu yake ni rahisi, nami ningeifanya nyumbani ingeniepusha na aibu. Kizibao changu huvuta wati 48. Gawanya kwa volti 12 za betri, unapata ampea 4. Betri yangu ndogo haiwezi kutoa kiasi hicho kwa zaidi ya saa moja na dakika chache, na stata hushindwa mapema kabla betri haijakauka. Tena hata njiani nilikuwa nikila akiba. Altaneta ya pikipiki kama yangu hutoa wati 100 hivi, na hiyo ni injini ikienda kasi, wala si ikijikongoja nyuma ya lori. Taa kubwa yachukua 35, taa ya nyuma na mfumo wa kuwasha injini navyo vina fungu lao, na betri yenyewe yataka kujazwa. Binamu yangu huendesha BMW R1200GS ya kuanzia mwaka wa 2013, ambayo altaneta yake ni ya wati 510. Kwake kizibao ni tone katika ndoo.

Vijana hawakunitupa. Walinisukuma kwa kishindo kuteremka barabara, nikaachia klachi, injini ikakohoa na kuwaka. Mzee akaniletea gazeti la Jumapili iliyotangulia, akalikunja mara mbili, akanisukumia kifuani chini ya koti. Kizibao nikakifunga nyuma ya kiti, waya ukiwa umechomolewa. Nilifika Eldoret giza likiwa limetanda, vidole vikiwa kama vya mtu mwingine, lakini kifua, nakuambia kweli, hakikuwa na neno. Mama alinikemea kwa kuchelewa, kisha akataka kujua kwa nini napiga kelele za karatasi ninapotembea.

Kesho yake fundi mmoja alinitengenezea mambo. Aliweka swichi inayofuata ufunguo, hivi kwamba ukizima injini kizibao nacho hufa, na fyuzi ya ampea 7.5 karibu kabisa na betri, waya ukichunika usiteketeze pikipiki. Akanishauri nikiwashe kwa vipindi, na nisikiwashe nikipanda polepole. Asiyetaka kugusa betri ya pikipiki aweza kununua kizibao kidogo cha wati 10 hivi kinachotumia betri za kuchajia simu. Joto lake ni la kiasi, lakini huchukua saa kadhaa. Vyovyote vile, kivae juu ya shati na chini ya koti lisilopitisha upepo. Kisiguse ngozi, maana ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

Mimi pia nilinunua turubali na kushona mifuko ya usukani, nikiiga ile ya mzee.

Wakati wa kurudi nilisimama tena Timboroa. Mzee aliuliza kwanza hali ya mama, kisha akaiangalia mifuko yangu na kusema imeshonwa vibaya. Vijana nao wakataka kizibao. Nilichomoa ufunguo, nikauweka mfukoni, ndipo nikawapa. Walikivaa kwa zamu hivyo hivyo, bila umeme hata chembe, na kila aliyekivua aliapa kwamba kinachoma.