Mama Miche wa Tegeta, Binti Yake na Vibao Vilivyozua Kasheshe

Wadau wa Tegeta, Boko na Bunju mnaijua hali. Ukitoka Mwenge ukashika Barabara ya Bagamoyo, utapita vitalu vya miche kando ya lami: viriba vyeusi vimepangwa mistari, vyungu vya saruji, mpira wa maji, na mtu ameketi kivulini anasubiri gari lipunguze mwendo. Kwenye kimoja kuna mama wa makamo aliyekuwepo kabla ya baa zote zinazomzunguka sasa, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuandika kibao hata kimoja. Mteja akiuliza "mama, hii nini?" anajibiwa. Kibao kilikuwa mdomo wake.

Binti yake akamaliza chuo, kazi hakuna, akarudi kumsaidia. Siku ya tatu tu akaliona tatizo. Watu wanashuka kwenye gari, wanazunguka, wanapiga picha, mama ameshikwa na mteja mwingine, wao wanaondoka zao. Hawaulizi. Vijana wa siku hizi wanaona aibu kuuliza jina la ua. Basi binti akaingia steshenari, akatoka na lebo za nguvu: karatasi ngumu, laminesheni, jina la Kilatini kwa mwandiko wa kulala, vialama vya jua na tone la maji. Zilipendeza kweli. Kuna dada alitaka kununua lebo yenyewe.

Miche ikabaki palepale.

Mama alinyamaza wiki nzima, si unajua wazazi. Ikabidi binti aulize mwenyewe zina kasoro gani.

"Mwanangu, umeandika Mangifera indica. Mtu ametoka kwake anataka embe."

Hapo mama aligusa kitu ambacho wabunifu wengi wa kwenye viyoyozi hawakigusi. Kiswahili chenyewe kimeshatenga: mwembe ni mti, embe ni kitu cha kula. Mwenye kutafuta kivuli ukimwandikia "embe" atapita, na mwenye kutafuta tunda ukimwandikia "mwembe" ataanza kuwaza majani ya kufagia. Mche ni uleule, ila maswali ni mawili. Wahenga wa pwani walilijua hilo zamani. Mti wa kutoka India wakauita mwarobaini, yaani unatibu maradhi arobaini, na tangazo likaisha hapohapo. Kama kweli yanafika arobaini, hiyo ni kesi nyingine.

Binti hakukubali kirahisi, na alikuwa na hoja. Alimsimulia mama yake kuhusu lile ua dogo la zambarau ambalo Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alilitoa milima ya Usambara mwaka 1892 akalituma kwao. Mwaka uliofuata likapewa jina la Kilatini, Saintpaulia, kutokana na jina lake yeye. Leo linauzwa madirishani kote Ulaya, na Wajerumani bado wanaliita Usambaraveilchen. "Kumbe na sisi tumo kwenye vibao vyao," mama akasema. Halafu akauliza kama huyo bwana aliwauliza watu wa Usambara wao waliliitaje. Binti akakosa jibu. Kilatini kikahamia nyuma ya lebo, kwa herufi ndogo.

Kilichofuata ni kazi ya kusikiliza. Binti alikaa na daftari wiki mbili, haandiki wateja wamenunua nini, anaandika wameuliza nini. Wenye nyumba mpya, geti jipya, wanaotaka ukoka na ua lililokatwa sawasawa kama hotelini, wanauliza itafika urefu gani na kama itavumilia maji ya kisima yenye chumvi. Hao jina hawana haja nalo. Andika urefu, andika maji, wamelipa. Wapangaji wenye kibaraza cha hatua nne na ndoo zao za rangi wanauliza jambo moja: nitakula lini? Vijana wa sebuleni wanauliza kama litakufa wakisafiri. Kwao kuna mmea wenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, Zamioculcas, unasahauliwa wiki tatu na bado unadunda. Unauzwa kwenye chungu cha bei kama mgeni kutoka ng'ambo, wakati asili yake ni misitu ya huku huku Afrika Mashariki. Binti akaandika "MWENYEJI. Haogopi safari zako." Iliuzika fasta.

Lile lenye majani mapana ya madoa meupe, Dieffenbachia, alitaka kuliandika "Uzuri wa sebule". Mama akamwambia aongeze mstari: mtoto akitafuna jani lake mdomo unawaka na ulimi unavimba. Mauzo yakapungua kidogo. Mstari ukabaki.

Waliomshinda kabisa ni wamama wa kipwani, wa kutoka Temeke na Mbagala, wanaovuka jiji zima kufuata asumini, mrehani na mlangilangi. Hawa hawasomi kitu. Wanainama, wanafikicha jani, wanafumba macho. Utaichoraje harufu? Binti alijaribu maneno, yakatoka kama ya tangazo la sabuni. Mwisho akachomeka kibao chenye maneno matatu: "Shika jani, nusa." Katika vibao vyote alivyotengeneza hicho ndicho kikali zaidi, na hakina picha wala jina.

Sasa kasheshe yenyewe. Masika yanakaribia, msimu wa kupanda, mama akachukua mkopo wa kikoba na kuagiza miche sitini ya embe dodo ya kubebesha. Binti akaandaa lebo mapema: "DODO YA KUBEBESHA. Utaanza kuchuma mwaka wa tatu au wa nne." Mzigo ukashuka usiku. Asubuhi mama akapitisha kidole kwenye mashina, moja baada ya lingine, akitafuta kovu la pale miche miwili inapounganishwa. Hakuna. Sitini yote imenyooka kama bakora. Ilikuwa miche ya mbegu. Simu ya aliyeuza haipatikani.

"Lebo si zipo tayari, mama," binti akasema kwa sauti ya chini. "Nani atajua? Miaka minne mtu keshasahau alinunua wapi."

Mama alimkumbusha mzee wa Mbagala. Yule aliuziwa hapohapo mchungwa wa kubebesha, akautunza miaka, na siku moja akaja na mfuko, akamwaga malimau mezani bila kusema neno. Michungwa mingi hubebeshwa juu ya shina la limau. Kitawi cha chungwa kilikufa, machipukizi ya chini ya kovu yakapanda, naye akayamwagilia kwa upendo wote. Hakuna aliyekuwa amemwambia ayakate. Wala hakugomba, na ndicho kilichouma. Watu wa nje ya mji hawahami, wanajenga. Wanakula walichouziwa mbele ya wajukuu.

Lebo sitini zikatupwa. Mpya zikasomeka: "EMBE YA MBEGU. Kivuli kikubwa. Kuzaa: miaka sita au zaidi." Bei nusu. Binti alilia, mkopo ni mkopo. Mzee mmoja anayejenga Chamazi akachukua minane bila kuulizia matunda, anataka baraza lake lipate kivuli. Mingine kumi na moja ikaondoka kwa kubahatisha. Arobaini na moja ikabaki.

Mama akamwita fundi wa kubebesha, wakaenda kwa jirani mwenye dodo linalozaa vizuri, wakakata vijiti vyenye unene wa penseli. Fundi alifanya kumi, mama kumi na mbili, iliyobaki akaachiwa binti na wembe, na nailoni ya kufungia. Wiki za kwanza hakuna la kusema, unaangalia tu kijiti kama kinakauka au kinavimba macho.

Kumi na tisa ilishika, sita kati yake ni ya mkono wa binti. Hakuirudishia laminesheni. Maka peni nayo hufutwa na jua la Dar, kwa hiyo alikata makopo ya soda vipande, akaandika kwa kalamu iliyokwisha wino, akikandamiza mpaka bati libonyee: DODO, tarehe ya kubebesha, na mstari wa chini, "Chipukizi chini ya kovu: kata." Alipofika wa kumi na tisa, mteja alikuwa ameshainama kwenye wa kwanza, anasoma.