Maji ya Pito Huchemka kwa Nyuzi 94



Mwanafunzi wa falsafa hakai muda mrefu darasani kabla ya kufundishwa na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyelipokea hilo kwa Aristotle, kwamba maarifa ya mwanadamu huanzia katika milango ya fahamu. Tunaona, tunagusa, tunasikia, ndipo akili inapata cha kufanyia kazi. Hata hivyo wengi wetu tulimaliza kidato cha nne tukiwa tumeisoma fizikia kwa masikio tu. Mwalimu alichora saketi ubaoni, nasi tukaihamishia daftarini.

Si kwamba juhudi hazikufanyika. Mwaka 2014, kwa agizo la Rais Jakaya Kikwete, wananchi walihamasishwa nchi nzima kujenga maabara tatu katika kila sekondari ya kata: ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Kuta zilisimama. Vifaa vimekuwa vikifuata kwa mwendo wa kinyonga, na mara nyingi vikifika hugeuka mali ya kabati. Mwalimu amevisaini kwenye leja, na kikivunjika ataulizwa yeye. Basi vinabaki vizima, na hakuna aliyejifunza chochote kwavyo.

Ndiyo maana tulifurahi, tukiwa likizo huku Ufipa, kualikwa Pito, hapa hapa Sumbawanga, ambako walimu wa fizikia wa shule kadhaa walikutana kwa siku moja kuoneshana jinsi wanavyofundisha kwa vitendo. Walikuwa kumi na mmoja. Sisi mafrateri watatu kazi yetu ilikuwa kubeba meza, kuchota maji na kuwasha jiko. Kila mwalimu alikuja na alichonacho: lenzi zilizotolewa kwenye miwani mibovu, sumaku ya spika ya redio, springi za kalamu, multimita moja iliyofungwa ndani ya soksi kama yai.

Mmoja wao alipanga makopo ya maziwa yasiyo na vitako, moja juu ya jingine, akayasimamisha juu ya makaa. Muda si mrefu makaa yakawaka mekundu bila mtu kupuliza. Akatukumbusha malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu ambazo Wafipa waliyeyushia chuma. Hewa moto ilipanda ndani ya tanuri na kuvuta hewa mpya kupitia matundu ya chini, wala mivukuto haikuhitajika mpaka hatua ya pili, kwenye tanuri ndogo. Mabaki ya malungu bado yapo katika uwanda huu. Mtoto wa Ufipa hana haja ya kuanza somo hilo kwa mfano wa mbali.

Lakini lililotukaa moyoni ni sufuria ya maji. Mwalimu wa kike, ambaye wenzake walimwita Madam, aliyachemsha juu ya jiko la mkaa, akatumbukiza kipimajoto na kumwita mmoja wetu asome. Maji yalikuwa yanatokota kweli kweli. Kipimajoto kilisimama kwenye nyuzi 94, kikagoma kupanda.

“Kipimajoto chako kibovu, Madam,” alisema mwalimu kijana.

“Haya, leteni na vyenu.”

Vikaja viwili vingine, kutoka shule mbili tofauti. Kwanza vyote vitatu vilitiwa katika barafu inayoyeyuka, iliyonunuliwa dukani. Vikasoma sifuri. Kisha vikarudishwa kwenye sufuria. Viwili vilisoma 94, cha tatu chini yake kidogo tu.

Hapo mwalimu aliyetoka mwambao wa Ziwa Tanganyika akasema, “Mimi kule ziwani huwa napata tisini na saba. Siku zote nilidhani kosa ni langu.”

Maelezo yake si magumu. Sumbawanga iko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika kiasi cha mita 770. Kadiri tunavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua, na maji hupata nafuu ya kuchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Hupungua takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Mama anayeyasubiri maharage yaive huku juu anaijua habari hiyo kwa hesabu ya kuni. Kitabu nacho hakijadanganya: kinasema nyuzi 100 katika usawa wa bahari. Sisi ndio tulioacha nusu ya sentensi njiani.

Mwalimu mzee, aliyekaribia kustaafu, alikaa kimya kitambo, kisha akasema polepole, “Mtoto akiandika tisini na nne, nilikuwa namkata maksi.”

Hakuna aliyecheka. Tuliona kwamba hapo hapakuwa na suala la fizikia peke yake. Mwanafunzi aliyesoma 94 kwa macho yake akaandika 100 ili apate maksi amefundishwa mambo mawili kwa pamoja: somo, na kupika data. Aliyezoea kupika namba za maabara hatashindwa kesho kupika za mizani ya mahindi au za daftari la kikundi. Na sisi tunaoandaliwa kusimama mbele ya watu na kusema kweli, tutawaambia nini vijana ambao shule iliwazoeza kuogopa macho yao wenyewe?

Tuliona pia kwa nini ilibidi walimu wakutane. Mwenye kipimajoto kimoja hukilaumu kipimajoto, au hujilaumu mwenyewe. Tangu Agano la Kale, neno lilithibitishwa kwa ushahidi wa watu wawili au watatu. Pale Pito mashahidi walikuwa watatu, wa kioo.

Nchi yetu ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliweka mchanganyiko wake wa aiskrimu kwenye friza ungali moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Aliuliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amewatembelea. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Aristotle naye alikuwa amegusia jambo kama hilo karne nyingi kabla. Wanasayansi bado wanabishana: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walilipima upya na hawakuona ushahidi wa kutosha. Hilo halimpunguzii heshima Mpemba wala Osborne. Mmoja alisema alichokiona, mwingine hakumdharau, akaenda kupima.

Jioni walimu walikubaliana kuwa na sanduku moja la vifaa litakalozunguka shule zao muhula kwa muhula, na kwamba kitakachoharibika kitalipwa na wote. Wakuu wawili wa shule hawajaridhia hadi leo, maana leja ni leja. Tunawaelewa. Lakini waamini wa kwanza nao walikuwa na mali zenye wenyewe, wakaamua kuzitumia kwa pamoja.

Msomaji mpendwa, ukiwa na kipimajoto nyumbani, sumaku ya redio iliyokufa au miwani isiyovaliwa, mpelekee mwalimu wa fizikia aliye jirani nawe. Na mtoto akikuletea namba isiyofanana na ya kitabu, usimfukuze. Kristo hakumfukuza Mtume Tomaso alipotaka kugusa. Alimwita asogee karibu. Nawe mwambie mtoto achemshe maji tena, mkasome pamoja.