Mwaka wa Kafyu

Mwaka 2015 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Garissa, mmoja wa wale ambao wenyeji husema wametoka "Kenya", kana kwamba daraja la Mto Tana ni mpaka wa nchi. Sisi wa bara tulijuana upesi: walimu, wauguzi, mafundi, askari. Jumapili tulisali katika kanisa kuu la Mama Yetu wa Faraja, na kabla ya kuchovya kidole katika maji ya baraka tulipekuliwa langoni. Hatukuona ajabu. Tarehe 1 Julai 2012 kanisa hilo na lile la Africa Inland Church (AIC) yalishambuliwa kwa guruneti na risasi, wakafa watu wapatao 17. Baadaye viongozi wa Kiislamu walijitolea kupeleka vijana wao walinde makanisa.

Kisha ikaja Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015. Magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, na wanafunzi waliokuwa katika sala ya alfajiri walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Hadi mwisho wa siku waliokufa walikuwa 148. Jumapili ya Pasaka tuliimba Aleluya huku askari wenye bunduki wamelizunguka kanisa, na wengine wetu sauti zilikataa kutoka.

Kafyu ikafuata, saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kama hiyo asubuhi. Usiku ukawa mrefu. Mama alinipigia simu kutoka Mwingi kila jioni: "Mwanangu, rudi nyumbani. Mshahara haununui roho." Nilichukua fomu ya uhamisho, nikaiweka mezani, sikuijaza wala sikuirudisha. Nikaacha kununua chochote cha kudumu. Unga kilo moja, sukari robo, na maji ya mkokoteni wa punda mtungi mmoja mmoja.

Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, iliyozoea kukutana jioni, ilihamia saa tisa alasiri, jua la Garissa likiwa kali kabisa. Tulibanana chini ya mwarobaini, rozari zikiteleza mikononi kwa jasho. Siku moja tulisoma Mathayo sura ya sita. Nikasema wazi kwamba nimeomba ishara, nibaki au niondoke, na sijajibiwa.

Katekista wetu, mzee mpole, akaniuliza, "Mwalimu, katika Baba Yetu tunaomba mkate wa siku ngapi?"

"Wa leo."

"Na wewe unaomba wa mwaka mzima."

Hakuongeza neno. Kuanzia hapo nilipunguza ombi. Kila asubuhi niliombea majina yaliyo katika rejista yangu, karibu yote ya watoto wa Kiislamu, nikaombea somo la siku hiyo, basi. Hofu haikuhama, king'ora kikilia bado nilishtuka. Ila nilianza kulala.

Muuguzi mmoja wa jumuiya yetu alipata uhamisho, tukamwombea na kumsindikiza stendi kwa nyimbo. Alikuwa na watoto wadogo. Imani yake haikuwa pungufu kuliko yangu, na naamini aliondoka na amani ile ile niliyobaki nayo. Amani hiyo haikutuambia sote twende njia moja.

Nami nikanunua pipa la lita 200. Muuza maji alipolijaza akacheka: "Mwalimu, kumbe umeamua kukaa?" Nikamjibu kwamba sijui, ila leo nina nguo za kufua.

Desemba, karibu na El Wak, abiria Waislamu wa basi moja walikataa kutengwa na wenzao Wakristo mbele ya magaidi waliolivamia. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi pale, alifariki Januari 2016. Mwezi huo huo chuo kikuu kilifunguliwa tena. Nilikuwa bado Garissa.

Ile fomu niliijaza miaka kadhaa baadaye, mama alipougua na kuhitaji mtu wa kumtunza. Niliiandika kwa mkono usiotetemeka, bila kujua Mwingi ingeniletea nini.