Athens, mji uliompenda mbwa anayekoroma

Ukisikia Athens, bila shaka akili inakimbilia Ugiriki, wanafalsafa na nguzo za marumaru. Leo, mpenzi msomaji, nakupeleka Athens nyingine, ile ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kama kilomita 110 kutoka Atlanta. Hii nayo ina marumaru yake, ila wamejengewa mbwa.

Mbwa mwenyewe ni buldogi: mfupi, mnene, uso umekunjamana kama wa mtu aliyeletewa bili ya umeme ya jirani. Mji mzima umejaa picha zake. Yuko kwenye fulana, vikombe na vioo vya maduka, na sanamu zake zilizopakwa rangi za kila aina zimesimama mitaani. Hata aliye hai nilimkuta, tena nyumba niliyofikia.

Nilikaa wiki mbili za Septemba kwa shoga yangu tuliyesoma wote Mlimani, ambaye sasa anafundisha Kiswahili huko. Anaishi peke yake na buldogi wa kilo 25 aitwaye Gunia. Jina halihitaji maelezo. Jaribu kumnyanyua uone: hakusaidii hata kidogo, analegea tu kama gunia la mahindi.

Kuishi na Gunia

Usiku wa kwanza niliamka saa nane nikauliza nani kawasha jenereta. Shoga yangu akajibu kwa sauti ya usingizi kutoka chumba cha pili: "Lala, shoga. Huyo ni Gunia, ndo kwanza anaanza."

Sisi wengi tumekua na mbwa wa nje, wa kibao cha MBWA MKALI getini, wa ugali na dagaa. Gunia ana kochi lake. Ukilikalia hakubwekei. Anasimama mbele yako, anakutazama, anahema, na udenda unashuka taratibu kuelekea kwenye viatu vyako mpaka unaona haya, unasogea. Ana na hewa zake pia, nzito, za kimyakimya. Akishaziachia anageuka kukutazama kwa mshangao, yaani kama ni wewe!

Matembezi ndiyo sinema yenyewe. Tukifika kona ya pili, Gunia anaamua safari imeisha. Analala kifudifudi, miguu ya nyuma kaitandaza kama chura. Hapo mwalimu wa chuo kikuu anachuchumaa barabarani kubembeleza kwa Kiswahili: "Gunia baba, twende basi, watu wanatuangalia." Na kweli wanaangalia. Wanasimama, wanacheka, wanasalimia, wanauliza habari za nyumbani.

Hilo si jambo dogo. Shoga yangu aliniambia mwaka wake wa kwanza pale alikuwa anaweza kumaliza wikiendi nzima hajaongea na mtu ana kwa ana. Alipomchukua Gunia, mtaa ukafunguka. Jina lake wengi hawawezi kulitamka, lakini wote wanamjua kama mama yake Gunia. Si ndivyo tunavyoitana kwetu, kwa jina la mtoto?

Ukoo wa Uga

Mwaka 1956, Sonny Seiler, wakati huo mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Georgia, na mkewe Cecelia walimpeleka buldogi wao mweupe kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani, kamvalishwa fulana nyekundu. Watu wakampenda, akawa mbwa wa timu. Aliitwa Uga, kutokana na herufi za jina la chuo kwa Kiingereza. Wao hutamka kwa namna yao, lakini sisi Waswahili tunajua uga ni kiwanja, na kazi yake iko kiwanjani. Jina limemkaa!

Tangu hapo familia hiyo imelea Uga mmoja baada ya mwingine. Uga wa tano alitokea kwenye jalada la jarida la Sports Illustrated mwaka 1997, na mwaka huohuo akaonekana kwenye filamu ya Clint Eastwood, akiigiza kama baba yake. Mwaka 2023 Uga wa 11, jina la nyumbani Boom, alivishwa kola rasmi. Mwaka huohuo mzee Seiler akafariki dunia.

Siku ya mechi mji unageuka mwekundu na mweusi. Uwanja wa Sanford unachukua watu zaidi ya 92,000, na nimewaona wazee wenye heshima zao wakibweka. Wanabweka kweli, kwa pamoja! Uga anaingia na jezi yake, kisha anakwenda kukaa kwenye kibanda chenye kiyoyozi pembeni ya kiwanja. Wewe uliyelipia tiketi unaungua jua, mwenzio anakula upepo.

Gharama ya sura ile

Kile kiyoyozi si anasa. Babu zake buldogi walifugwa Uingereza kwa mchezo wa kikatili wa kumng'ata fahali aliyefungwa kamba. Mchezo ulipigwa marufuku mwaka 1835, na wafugaji wakaanza kuondoa ukali wa mbwa hawa. Waliufanikisha vizuri mno. Tarehe 1 Januari 2019, kabla ya mechi kule New Orleans, ng'ombe wa timu ya Texas mwenye mapembe marefu aliangusha uzio na kumwelekea Uga wa kumi. Mjukuu wa wapiganaji aliondolewa mbio, salama salimini.

Lakini pamoja na upole, walimfupisha pua kupita kiasi. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na buldogi hewa humpita kwa shida, hivyo joto linaweza kumuua. Mkoromo unaotuchekesha mara nyingi ni njia ya hewa iliyobana. Wengi huzaliwa kwa upasuaji kwa sababu ya ukubwa wa vichwa vyao, na umri wao kwa kawaida ni miaka minane hadi kumi.

Athens inaijua hesabu hiyo. Ndani ya uwanja kuna makaburi ya marumaru walimozikwa kina Uga, na kabla ya kila mechi ya nyumbani huwekwa maua. Uga wa saba alikufa mwaka 2009 kwa matatizo ya moyo, msimu wa pili tu. Wa nane aliondoka Februari 2011 kwa saratani, hata mwaka mmoja kazini hajamaliza.

Tulisimama pale na shoga yangu, tukasoma majina. Gunia ana miaka minane, na mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa koo ili apumue vizuri. Nikamuuliza, akiondoka utachukua mwingine?

"Wa kununua, hapana," akasema. "Nitachukua mzee aliyeachwa na wenyewe, nimlee mpaka mwisho wake. Lakini usiniulize leo, shoga. Leo yupo nyumbani ananisubiri."

Ukitamani wa kwako

Kama moyo umeshaanza kukudunda, sikiliza kwanza:

Joto. Dar au Mombasa mtembeze alfajiri au jua likishazama, tena kidogo. Feni au kiyoyozi ni lazima.

Mikunjo. Futa uso wake kila siku na umkaushe vizuri, la sivyo utapata harufu na vidonda.

Maji. Buldogi wengi hawawezi kuogelea. Bwawa na bahari ni hatari kwake.

Uzito. Usimpe mabaki ya pilau kwa huruma. Kilo zikizidi, pumzi inapungua.

Pochi. Tenga pesa za daktari wa mifugo kabla hujamleta. Muuzaji muombe uwaone wazazi wa mbwa wakitembea na kuhema. Uholanzi imeweka masharti makali ya kuzalisha mbwa wa pua fupi, kwa hiyo hili si la kudharau. Ukipata mkubwa anayehitaji nyumba, mchukue huyo.

Na kama mfuko haujakaa sawa, tafuta shoga mwenye buldogi, kakae naye wiki mbili, ukoromewe bure. Tukutane mwezi ujao!