Safari ya Kengeleni na Rabai

Walimu wawili watatu wameniuliza habari ya safari niliyokwenda baada ya mavuno pamoja na kijana mmoja wa darasa langu la ubatizo. Jina la kijana silitaji, kwa kuwa shauri lake halijakwisha.

Chanzo cha safari ni posa. Kijana huyu alipeleka barua kwa wazazi wa msichana, nayo ikapokewa vizuri; hata wazee walipokaa kitako wakauliza ukoo wake ni upi. Bibi yake akajibu, "Sisi ni watu wa Kengeleni." Wakamwambia, "Kengeleni ni mahali. Twauliza ukoo." Bibi akanyamaza. Mzee wao wa kwanza aliletwa pwani angali mtoto mdogo, wala hakuweza kutaja kijiji chake wala jina alilopewa na mamaye. Basi wazee wakasema watafikiri. Usiku ule kijana akanijia, akaniuliza, "Mwalimu, mimi ni mtu wa wapi?"

Nalimjibu upesi, kama tujibuvyo walimu, ya kwamba mbele za Kristo makabila yote ni mamoja. Neno hilo ni kweli, walakini nalimpa kama mtu ampaye mwenye njaa punje moja ya mtama. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akainuka, akaenda zake. Sikulala vema. Asubuhi nikamwita, nikamwambia, "Mwanangu, twende tukaone."

Tulitoka kisiwani Mombasa kwa daraja la Nyali. Ukiisha kuvuka, mara waifikia njia panda ya Kengeleni, penye magari mengi na kelele za makondakta. Na hapo pana nguzo za mawe zilizotundikwa kengele. Wapitao wengi hawainui macho. Kengele hii ndiyo iliyopapa mahali jina lake. Ilipigwa kuwaonya watu wa misheni wakati wateka-watumwa walipokaribia. Mji wenyewe uliitwa Freretown, kwa jina la Bwana Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa. Misheni ya Church Missionary Society iliuanzisha mwaka 1875. Manowari za Waingereza zilikamata majahazi baharini, na watu waliotolewa humo wakaletwa hapa: Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengineo, ambao hata lugha zao hawakusikilizana.

Ndugu msomaji, fikiri watu hao wameketi pamoja kanisani. Hawana babu mmoja wala kaburi moja la kuzuru. Wanasomewa habari za taifa lililotumikishwa Misri, likalia, likavushwa bahari. Nadhani mwalimu wao hakuwa na kazi kubwa ya kueleza maana.

Wala sisemi ya kuwa mji ule ulikuwa bustani ya Edeni. Kazi ilikuwa ngumu, amri zilikuwa nyingi, na katika miaka ya 1880 palitokea malalamiko ya viboko hata yakachunguzwa. Waisraeli nao waliliona jangwa kabla ya asali.

Pale chini ya kengele nikamfungulia kijana Kumbukumbu la Torati, mlango wa 26. Mwisraeli aletapo kikapu chake cha malimbuko ameagizwa kusimulia. Haanzi kwa kutaja ukubwa wa ukoo wake; huanza na baba mhamaji aliyekuwa karibu kupotea, kisha Misri, kisha kuokolewa. Naye husema "sisi", ijapokuwa yeye alizaliwa katika nchi ile na Misri hakuiona kamwe. Kijana akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Basi mtu aweza kuanza hivi mbele ya wazee?" Nikamwambia tuendelee na safari kwanza.

Ufukoni, upande huu wa bara, tulizuru kaburi la Bibi Rosine, mkewe Doktari Ludwig Krapf. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Juni alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai 13 mkewe akafa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Kwa hiyo maneno ya kuumbwa kwa ulimwengu yaliingia katika lugha yetu ndani ya nyumba yenye msiba. Hatukukaa sana, jua lilikuwa kali.

Kesho yake tulipanda Rabai, ambako Krapf na mwenzake Johannes Rebmann waliweka kituo mwaka 1846. Rebmann alikaa pwani hii karibu miaka 29, hata akapofuka macho. Mtu wa kwanza waliyembatiza, Mringe, alikuwa kilema, naye alikufa punde. Lakini habari niliyotaka kijana aisikie pale ni ya William Jones.

Jones alikuwa mmoja wa Waafrika waliookolewa utumwani, wakalelewa India, wakarudi kuwa wasaidizi wa misheni. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimtia katika utumishi wa kanisa pamoja na mwenzake Ishmael Semler (angalieni jina hilo, la mwana wa mjakazi Hajiri, ambaye Mungu alimsikia jangwani). Mwaka ule ule Askofu akasafiri kwenda Uganda, na Jones pamoja naye. Askofu alimwacha Jones njiani na wapagazi wengi, akatangulia na watu kama 50, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Katika wale 50 walisalimika wanne tu. Jones akawarudisha waliobaki, safari ya majuma mengi, hata Februari 1886 wakaingia Rabai. Mbele yao ilichukuliwa bendera ya kitambaa cha buluu yenye herufi nyeupe, neno moja: IKABODI.

Mjue ya kuwa hakuandika "Askofu amekufa". Alichukua jina la yule mtoto wa 1 Samweli mlango wa 4, aliyezaliwa siku sanduku la agano lilipotekwa na Wafilisti, babaye na babuye wakafa, na mamaye akakata roho akimwita jina hilo, kwa kuwa utukufu umeondoka. Watu wa Rabai wakalisoma, wakajua msiba wao u mlango gani. Na msomaji wa Samweli ajua pia ya kuwa mlango wa 6 sanduku larudi, likivutwa na ng'ombe wawili wasio na mwongozaji. Tarehe 1 Januari 1889, papo hapo Rabai, watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia vituo vya misheni walianza kupewa hati za uhuru, baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa fidia waliowadai.

Hapo nalijiona mkosa. Kwa miaka mingi nimefundisha Biblia kama mtu auzaye shanga moja moja: leo Nuhu, kesho Danieli, kila mmoja na fundisho lake, na uzi nimeuacha nyumbani. Kijana wangu alijua simba wa Danieli ni wangapi kwa picha ya ukutani, lakini hakuwa amesikia ya kuwa yeye mwenyewe yumo katika habari ile.

Tuliporudi, ndani ya gari, akatoa daftari akaandika atakayowaambia wazee: juu ya mtoto asiyejulikana kwao, jahazi, kengele, ubatizo, hata bibi yake. Akasita, akaniuliza, "Mwalimu, niandike 'walitolewa' au 'tulitolewa'?" Nikamwambia, "Andika 'tulitolewa'."

Wazee wametuita Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Bibi amekwisha kununua kanga mpya.